Profesa Aliyeinama Kuwatazama Wadudu

Kila Jumamosi nikiwa nyumbani Kianjai hupitia duka la pembejeo lililo karibu na steji kununua chumvi ya ng'ombe, na kila Jumamosi husikia maneno yaleyale. Mtu anaingia, anaegemea kaunta, anasema: "Nipe dawa ya wadudu." Muuzaji akimuuliza ni wadudu wa nini, anajibiwa, "Hawa tu wa sukuma," au "Hawa wa maharagwe." Wana rangi gani? Wako juu ya jani au chini yake? Wanatafuna au wametulia? Haulizwi, naye hasemi, kwa kuwa hakuwatazama. Aliona jani lina tundu, akashika njia. Chupa inateremshwa rafuni, noti zinahesabiwa, na jioni hiyo bomba linabebwa mgongoni, shamba zima linalowa.

Nimelisikia ombi hilo mara nyingi hivi kwamba sasa nalisikia hata nje ya duka. Mtoto akiona kitu kinatambaa ukutani hupiga kelele "mdudu!", na kabla sauti yake haijafika jikoni slipa imeshashuka. Lugha yetu yenyewe inatusaidia kutotazama. Nyuki ni mdudu, chawa ni mdudu, kiwavi ni mdudu. Jino likioza, limeingia mdudu. Mtu akiugua maradhi yasiyotajwa hadharani, watu hunong'ona kwamba ana mdudu. Wanasayansi wameshawapa majina wadudu wa aina zipatazo milioni moja na bado wanaendelea. Sisi tumewafungia wote katika neno moja, na neno hilo tumelifanya jina la adui.

Ndiyo maana kila Mei inapoelekea ukingoni humkumbuka Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyefariki tarehe 26 Mei 2003 akiwa na umri wa miaka 72. Hakuwa mtu wa Meru, wala sikubahatika kuketi darasani kwake. Lakini ikiwa kuna Mkenya aliyemtazama mdudu mpaka mdudu akageuka kuwa jirani mwenye jina, tabia na sababu zake, basi ni yeye. Nami nasema bila kuzunguka mbuyu: tulimzika profesa, tukaizika pamoja naye ile kazi ya kutazama. Jina lake limebaki langoni mwa kituo cha utafiti. Tabia yake haikufika Kianjai. Na gharama ya kuikosa tabia hiyo inalipwa na nyumba za kawaida, msimu baada ya msimu, kwa noti zinazochomolewa kwenye pesa za karo.

Kutoka Mombasa hadi Kawanda

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931, akasoma Maseno, kisha Makerere, enzi ambayo kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka elimu ya chuo kikuu karibu na nyumbani hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Baada ya hapo alifanya kazi katika idara ya kilimo ya Uganda, kwenye kituo cha utafiti cha Kawanda, nje kidogo ya Kampala. Ilikuwa miaka ya 1950. Sayansi ya wadudu wa Afrika ilikuwa mikononi mwa wageni. Mwafrika alitarajiwa abebe wavu na chupa, aonyeshe njia ya kupitia vichakani, kisha akae kando maelezo yakiandikwa na mwingine.

Yeye hakukaa kando. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama kweli. Aliinama kwenye vichuguu vya mchwa, akamkuta mdudu mmoja muuaji ambaye watu wangempita miaka mia bila kujua kwamba yupo. Mdudu huyo, ambaye wataalamu humwita Acanthaspis petax, anapokuwa mchanga hujipaka vumbi na kujibebesha mgongoni mizoga ya sisimizi aliowafyonza, akawa anatembea kama lundo la takataka. Ukimwona utadhani upepo umesukuma uchafu. Mwaka wa 1958 kijana wa Maseno alikuwa ameshachapisha maelezo yake juu ya maisha ya kiumbe huyo, kabla hajakanyaga Cambridge, kabla hajaitwa daktari, kabla hajaitwa profesa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kutazama ni kazi ya wenye vyeti. Kwa Odhiambo kutazama kulitangulia, vyeti vikafuata.

Baba anayelinda mayai

Mwaka wa 1959 alichapisha utafiti mwingine, katika jarida la chama cha kifalme cha wataalamu wa wadudu mjini London, na huu ndio unaonishika moyo kuliko yote. Ulihusu mdudu wa ukoo huohuo wa wauaji, wa jenasi ya Rhinocoris, ambaye dume ndiye anayelea. Jike hutaga, akaenda zake. Dume hubaki. Hukaa juu ya mayai mchana na usiku akiyalinda, hasa dhidi ya nyigu wadogo mno wanaotafuta nafasi ya kutaga mayai yao ndani ya mayai yake.

Katika ulimwengu wa wadudu baba wa namna hiyo ni adimu sana. Wengi hawawajui watoto wao kabisa. Na aliyempata baba huyo, akakaa naye, akaandika anavyosimama na anavyofukuza, alikuwa Mwafrika wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa na subira ya kutoondoka pale alipopaona.

Januari iliyopita mpwa wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Gredi ya Tano, aliniita nyuma ya nyumba penye njahi zilizoparamia ua. "Mjomba, njoo uone. Huyu hatoroki." Juu ya jani, karibu na shina, palikuwa na kitu kama vichupa vidogo vilivyobandikwa wima, vimesongamana, rangi ya chai ya maziwa. Juu yake alisimama mdudu wa hudhurungi, si mkubwa kuliko punje ya njahi yenyewe, miguu mirefu kama nyuzi, mdomo umekunjwa chini ya kichwa kama ndoano. Mtoto alikuwa ameshika ujiti wa nyasi. Alipousogeza, mdudu hakuruka. Alijigeuza akaukabili ujiti, akainua miguu miwili ya mbele, akakaa hivyo. Ujiti ukizungushwa upande wa pili, naye anazunguka. Tulikaa pale tukimtazama mpaka magoti yakauma, na nilipomweleza kwamba huyo huenda ni baba, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwani hali?"

Swali hilo ni la kisayansi kabisa. Hakuna mtu aliyemfundisha kuliuliza.

Siku mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimenunua dawa ya kupiga njahi hizohizo. Nilikuwa nimeona vidukari kwenye vikonyo vya maua, nikafanya kama wafanyavyo wote. Kama ningeifungua chupa ile Alhamisi badala ya kungoja Jumamosi, baba yule angekufa juu ya mayai yake, naye ni mmoja wa askari wanaonilindia shamba bure: wadudu wauaji chakula chao ni viwavi na wadudu wengine wanaokula mazao yetu. Mara ngapi tumewalipa watu pesa watuulie askari wetu?

Nzige walipotufikia

Wenzangu wa Tigania hawajasahau Januari ya 2020. Nzige wa jangwani walikuwa wameingia nchini mwisho wa Desemba 2019 kupitia kaskazini mashariki, na baada ya wiki chache walikuwa Isiolo, Samburu na huku kwetu Meru. Kenya haikuwa imeona mavamizi kama yale kwa miaka 70. Watu walitoka na sufuria, mabati, filimbi na honi za bodaboda. Akina mama walisimama katikati ya mtama wakipunga leso. Kundi linaloenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige hata milioni 80, na kwa siku moja linakula chakula ambacho kingetosha watu 35,000. Sufuria ingefanya nini?

Nilikuwa nimesimama pembeni mwa shamba la jirani nikiwatazama wakitua, nikawaza: mtu wetu alimjua mdudu huyu kwa ndani. Utafiti wa udaktari wa Odhiambo pale Cambridge ulikuwa juu ya nzige wa jangwani, dume hasa. Alichunguza tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo wa nzige, tezi ambayo huioni kama hutumii hadubini, akaonyesha kwamba homoni yake ndiyo inayomwamsha dume. Dume aliyeondolewa tezi hiyo hujilimbikizia mafuta, hupoa, hana hamu ya mwendo. Kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi ndicho kinachotofautisha nzige mzembe na nzige wa kuvuka bahari.

Elimu hiyo haikuishia hapo. Baadaye ilijulikana kwamba nzige anayeishi peke yake hugeuka kuwa wa kundi anapobanana na wenzake na miguu yake ya nyuma kuguswaguswa. Katika kituo alichokianzisha Odhiambo, wataalamu wakiongozwa na Profesa Ahmed Hassanali waligundua kwamba tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, wakiisikia harufu fulani ya nzige wakubwa huchanganyikiwa, kundi lao likasambaratika. Mambo haya yalijulikana kabla ya 2020.

Basi kwa nini tulifikia kupiga sufuria? Kwa sababu mwaka wa 2018 tufani mbili, Mekunu mwezi wa Mei na Luban mwezi wa Oktoba, zilimwaga mvua katika jangwa la Rub' al Khali, kule Oman, Yemen na Saudia zinakopakana. Jangwa likaota majani. Nzige wakazaliana vizazi vitatu mfululizo mahali ambapo hapakuwa na jicho la kuwaona, na walipoonekana walikuwa wameshavuka uwezo wa kuzuilika kwa urahisi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ule uliingia Uarabuni, tende likaota Tigania.

Sayansi ya kwetu, kwetu

Angeweza kubaki Uingereza. Alirudi Nairobi katikati ya miaka ya 1960 akafundisha katika chuo kikuu, na mwaka wa 1967 jarida la Science la Marekani likachapisha makala yake kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Aliamini kwamba Afrika haitatatua shida zake kwa kuazima majibu ya watu ambao shida hizo haziwaumi. Lazima iwe na vituo vyake vya utafiti wa kina, vyenye viwango ambavyo dunia nzima ingeviheshimu, na vijana wake wapate mahali pa kufanyia kazi bila kuhama bara. Mwaka wa 1970 kikaanzishwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake, icipe. Alikiongoza hadi 1994. Makao yake yako Kasarani, na mahali penyewe pakaitwa Duduville. Mji wa dudu! Nalipenda jina hilo kwa dhati, kwa kuwa ni neno letu tulilozoea kulitamka kwa kinyaa, likapandishwa langoni mwa maabara.

Kituo hicho kilimpeleka mtafiti shambani. Kule Nguruman, Kajiado, ambako mbung'o walikuwa wakiwamaliza ng'ombe wa Wamaasai, watafiti walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, wakaweka ndani yake chambo cha asetoni na mkojo wa ng'ombe. Mkojo wa ng'ombe! Mfugaji anao wa kumwaga. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na harufu ya mnyama. Mtu aliyemtazama anajua hivyo, na aliyejua hivyo anaweza kumnasa kwa kitambaa bila kunyunyizia bonde zima sumu. Pwani, mwaka wa 1993, kituo kikaachilia nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan, ili awatafute funza wageni wa asili ya Asia wanaotoboa mabua ya mahindi. Nyigu hutaga mayai ndani ya funza, funza anakwisha.

Warithi wake waliendelea. Hans Herren, aliyemfuata katika kiti cha mkurugenzi mkuu, alikuwa ameshauokoa muhogo wa Afrika kwa kutumia nyigu wa Amerika Kusini. Na kule Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, Zeyaur Khan na wenzake wakakuza ule mpango wa kusukuma na kuvuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua. Pembezoni unazungusha nyasi za nepia. Harufu yake huwavuta waende wakatage huko, na funza wengi wanaoanguliwa humo hunaswa na utomvu wa nepia wakafa. Juu ya hayo desmodiamu huifanya mbegu ya gugu la kiduha iote kisha ife, huongeza naitrojeni ardhini, na jioni unaikata ukampa ng'ombe. Kituo cha Mbita leo kinaitwa kwa jina la Thomas Odhiambo, na ni haki yake.

Mpango huo haukubuniwa na Odhiambo mwenyewe. Alikuwa ameshaondoka usukani ulipoanza kuenea mashambani. Ila nauliza: ungewezaje kubuniwa na mtu asiyejua nondo hunusa nini usiku? Yule kijana aliyekaa na baba wa mayai kule Kawanda ndiye aliyefungua njia ya namna hiyo ya kufikiri.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Odhiambo alicheza kwao, lakini tuzo zake kubwa zilitoka mbali. Mwaka wa 1987 ndiye aliyepewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, ile Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika kupambana na njaa ilipotolewa kwa mara ya kwanza, nayo ilitolewa na shirika la Marekani. Hadi leo sehemu kubwa ya fedha za kituo alichokiacha hutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Inaniuma kuandika hivyo. Mtu aliyetufundisha tusiazime majibu tumemwacha aombe mafuta ya taa kwa majirani.

Lakini mkulima ana njaa

Nimewahi kuambiwa na mzee mmoja, mkulima hodari ninayemheshimu, kwamba haya ni maneno ya watu wenye mshahara. "Kijana, mimi nikisimama kutazama kiwavi, kiwavi hasimami kunitazama. Anakula." Ni kweli. Mtu aliyekopa mbegu na mbolea hana nafasi ya kustaajabia. Lakini hebu tuwaangalie viwavijeshi wapya waliotufikia mwaka wa 2017, tuone kutotazama kuligharimu kiasi gani.

Kiwavijeshi huyu ana alama usoni kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba. Ukiziona alama hizo unajua ni yeye, si funza wa zamani. Anapoanguliwa hukwangua jani juu juu, likabaki na vidirisha vyeupe; hapo bado yuko nje, ni mdogo, hata kidole kinamweza. Akikua huzama katika moyo wa mche, akajifunika kwa kinyesi chake kama unga wa mbao, na huko dawa inayopigwa saa sita mchana haimfikii. Watu walinunua dawa wiki ya pili ya uharibifu, wakapiga jua likiwa utosini, hawakupata kitu, wakanunua nyingine kali zaidi. Jirani yangu mmoja alipiga mara nne msimu ule. Jirani mwingine, mama mjane mwenye shamba la robo ekari, hakuwa na pesa za dawa. Alikuwa akiamka alfajiri, anapita mstari kwa mstari, anafunua majani, anasaga mayai kwa vidole, anatia kiganja cha majivu na mchanga ndani ya moyo wa mche. Yeye ndiye aliyenigawia mahindi ya kuchoma msimu ule.

Yule mama hakufanya vile kwa starehe. Ufukara ulimlazimisha kutazama, na kutazama kukampa chakula. Je, ni lazima tungoje kufilisika ndipo tuiname? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tumeambiwa tangu 1970 na bado tunaomba "dawa ya wadudu".

Gharama nyingine hazionekani kaunta. Dawa inayoua vidukari huua nyuki pia, hasa ikipigwa asubuhi maua yakiwa wazi. Meru ni nchi ya makadamia na parachichi, miti inayohitaji nyuki ili izae vizuri. Malenge ya nyanya zetu hayatungi tunda bila mdudu wa kupeleka chavua. Mtu anayeua nyuki wake mwezi wa Novemba hatajua, mwaka unaofuata, kwa nini makadamia imetoa maua mengi na kokwa chache. Atasema ni hali ya hewa. Na wale wanaopiga sukuma jioni na kuichuma asubuhi wakaipeleka sokoni, watoto wanaoila ni wa nani?

Picha za saiba

Mwaka jana mpwa wangu alirudi nyumbani na kazi ya shule: alete picha za wadudu watano. Mama yake, yaani dada yangu, akampa pesa akaenda saiba, foleni ya wazazi wengine ikiwa na kazi ileile, picha zikapakuliwa kwenye intaneti zikachapishwa kwa rangi. Kulikuwa na kipepeo wa Marekani na mende wa Ulaya. Njiani kutoka saiba alipita kwenye vunjajungu, nyuki, mchwa, panzi na nondo wa kila namna, bila kumpa hata mmoja nafasi ya kuingia daftarini.

Simlaumu mwalimu. Ana watoto wengi, na alitaka kazi iliyo safi. Ila mtaala huu wa umilisi tuliambiwa umekuja ili mtoto ajifunze kwa kutenda, na hakuna maabara ya biolojia iliyo karibu na mtoto wa kijijini kuliko ua wa njahi. Haihitaji ada wala stima. Inahitaji mtu mzima atakayesema, "Kaa hapa dakika kumi, kisha uniambie anafanya nini." Odhiambo alianza na maabara hiyohiyo.

Profesa Wangari Maathai, aliyetutoka Septemba 2011, naye alikuwa mwanabiolojia kabla hajawa jina la dunia, na kazi yake tuliweza kuishika kwa mikono: tulipewa miche tukapanda. Labda ndiyo sababu kumbukumbu yake imekita mizizi hata kwa watu wasiojua kusoma. Urithi wa Odhiambo ni mgumu zaidi kushikika. Huwezi kugawa macho kama miche kwenye baraza la chifu.

Hata hivyo, tunacho tulichopewa na hatujakitumia. Hapo Nchiru, mwendo mfupi tu kutoka Kianjai, kuna mambo mawili yanayotazamana. Kuna makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wetu, ambao kwa karne nyingi walitunga sheria za ardhi, misitu na chemchemi, wakajua ni mti gani haukatwi na kwa nini. Na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, chenye vijana wanaosoma biolojia kila siku. Ninatamani kuona vijana hao wakishuka sokoni Kianjai siku ya soko na meza moja, kioo cha kukuzia na vichupa. Mkulima aje na kile kilichomlia sukuma, kwenye mfuko wa karatasi, aambiwe jina lake, maisha yake na wakati wake wa udhaifu, kabla hajafika kaunta ya dawa. Mzee naye aulizwe mdudu huyo anaitwaje kwa Kimeru na zamani alionekana msimu gani, na jibu liandikwe. Wazee wanaojua majina hayo wanakwisha. Kila mazishi ninayohudhuria huwa najiuliza ni majina mangapi yameteremka kaburini siku hiyo, wala hayako katika kitabu chochote.

Meza, kioo na vijana wawili. Serikali ya kaunti ina maafisa wa ugani wachache mno kwa mashamba tuliyonayo, na ninajua bajeti ni finyu. Lakini meza si bajeti.

Ua wa njahi

Chupa ya dawa niliyoinunua Januari iko bado stoo, juu, mbali na watoto, imefungwa. Jumamosi ile sikuifungua. Vidukari niliwakamua kwa vidole nikawamalizia kwa maji ya sabuni, na njahi zilitoa zilichotoa, debe moja na nusu.

Mtoto alianza kwenda nyuma ya nyumba kila asubuhi kabla ya kuvaa sare. Alichukua daftari la Kiswahili lililobaki kurasa chache, akawa anaandika tarehe na neno moja au mawili: "yuko", "yuko", "amesogea", "mvua, yuko". Siku ya sita aliandika "nyigu mdogo amekuja, amefukuzwa". Jioni moja stima zilikatika tukiwa mezani, akaomba tochi. Mama yake akamuuliza anaenda wapi gizani. Akasema anataka kujua kama usiku huwa analala.

Nikamfuata. Alikuwa amechuchumaa, amefunika tochi kwa vidole ili mwanga usimuumize, uso umekaribia jani. Dume alikuwa amesimama palepale juu ya vichupa vyake, miguu imetanuka. Mtoto akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, akaandika.